Mahubiri Yangu ya Kanzu Ndogo

Juzi mtoto wa jirani alinikuta barazani kwangu, hapa Kwa Mathias, Kibaha, nachambua mchele. Ni msichana wa kidato cha pili, mrefu kama nguzo ya umeme, simu haimtoki mkononi. Akaniamkia, akageuza ndoo, akaikalia bila kungoja kukaribishwa.

"Anti, nimekwisha. Jumapili ya vijana nahubiri mimi, na sina somo."

"Mama yako anasemaje?"

"Huyo ndiye ananimaliza! Kila nikipata somo ananiambia simama hapo sebuleni uhubiri nikusikie. Jana kanisimamisha mpaka ugali ukapoa. Nimekuja kujificha kwako."

Hakujificha sana. Mama yake alimwita juu ya ukuta, sauti ikapita Kwa Mathias nzima mpaka barabarani kwenye mabasi, naye akaondoka akiburuta ndala. Mimi nikabaki na mchele wangu, na mawazo yakaanza safari ambayo miguu yangu haiwezi.

Maana mimi si mtu wa kutoka, ndugu yangu. Nikienda Maili Moja kununua vitunguu nawaaga majirani kama naenda Kigoma, na kabla sijafika nimeshaanza kuwaza kama jiko nilizima. Elimu yangu ni kidato cha nne, na hata hicho nilifika kwa kusukumwa. Ukiniona na kanga yangu na ungo wangu hutaamini kwamba siku moja nilisimama mbele ya kanisa zima nikahubiri, na watu wakafuta macho.

Ilikuwa Vihingo, Kisarawe ya ndani, nikiwa darasa la sita. Niliishi na bibi, mzaa mama. Yeye na babu walitoka Upareni zamani kufuata mashamba, babu akafa, bibi akabaki na mihogo, maharage, kuku na mimi. Mama yangu alikuwa Maili Moja akipika chakula cha kuuza. Aliniacha kwa bibi nikiwa mdogo sana, akasema akipata chumba cha maana atanifuata. Chumba cha maana kilichelewa kupatikana. Kila Krismasi alituma nguo kwa lori la mkaa, na kila Krismasi nguo ilinibana kwapani. Bibi aliitanua mshono akinung'unika, "Huyu mwanangu anadhani mtoto ni chungu, ukimwacha hivi utamkuta hivi." Mimi nilicheka. Halafu nilikwenda nyuma ya banda la kuku kumalizia huko kilichokuwa si kicheko.

Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, bati limetoboka juu ya kwaya, kwa hiyo masika sauti ya pili ilikuwa inaimba huku inasogea. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mkoroshoni. Tulikuwa na mwinjilisti mmoja aliyezunguka makanisa kadhaa kwa baiskeli, na Jumapili ya vijana alipenda kukaa kama wengine, ahubiriwe. Mwaka ule akaninyooshea kidole mimi. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nasoma kwa sauti kubwa. Nilikuwa namsomea bibi Biblia kila siku, na bibi alikuwa hasikii vizuri sikio moja.

"Somo utachagua mwenyewe," akasema mwinjilisti, akapanda baiskeli yake.

Kumbe hakuna kitu kinachochaguliwa na mtu mwenyewe Vihingo. Habari zilitangulia kufika nyumbani kabla yangu. Mwalimu wetu wa Jumapili, yule aliyegonga rimu, alinishika bega njiani. "Hubiri juu ya kuwahi. Nagonga kengele mpaka mkono unakufa ganzi, watu wanakuja wakati wa sala ya mwisho. Wachape." Mzee wa kanisa alikuja mpaka uani, akavua kofia, akasema somo ni sadaka, hakuna lingine. Jumapili iliyopita mtu alitoa kuku mgonjwa, na yule kuku akafa mikononi mwake mzee, mbele ya watu. "Mwanangu, ile ilikuwa aibu yangu au ya aliyemtoa? Basi liseme hilo."

Jirani yetu alikuwa Mwislamu, mama wa Kizaramo mwenye maneno kama maji ya bomba. Hakutaka kuachwa nyuma. "Mjukuu wangu, mimi si wa kanisani kwenu, lakini wafugaji wale wapya si mnasali nao? Waambie mbuzi wao wanamaliza mihogo yangu. Mungu ni mmoja, na shamba langu ni hilo hilo moja."

Nikamgeukia bibi. Bibi hakuwa na somo, alikuwa na agizo. "Liwe fupi. Nitakuwa na maharage jikoni."

Sasa wewe fikiria, mtoto wa darasa la sita, kila mtu ananipa fimbo yake nimchapie mtu wake. Nami nilikuwa na wangu wa kumchapa, ila sikusema. Bibi alikuwa ametuma salamu kwa dereva wa lori la mkaa kwamba nitahubiri, na jibu lilirudi: mama anakuja. Anakuja kunisikia, tena na gauni jipya la kuhubiria. Tangu siku hiyo sikuwa natafuta tena somo la kanisa. Nilikuwa natafuta somo la mama.

Nililipata nikiwa nachunga makopa. Tulikuwa tumeanika mihogo juu ya jiwe kubwa, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku kwa kijiti huku nasoma. Nikafika kwa Samweli. Samweli ameachwa hekaluni kwa mzee Eli, mama yake Hana amerudi kwao, na kila mwaka Hana anamshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea. Niliishika ile habari ya kanzu nikasahau kuku, na kuku wakala makopa mpaka wakachoka. Hana alijuaje kipimo? Mtoto anakua, yeye yuko mbali, na haikuandikwa mahali popote kwamba kanzu ilimbana Samweli kwapani. Kwa hiyo Hana alikuwa anajua. Alikuwa anawaza kule aliko, sasa atakuwa ananifika hapa. Nikasema, hilo hapo. Mama atakaa benchi la mbele, atasikia, ataelewa, atanichukua tuondoke wote.

Nikaanza kujifundisha kwa kuwahubiria kuku. Siku moja nikageuka, bibi amesimama na mwiko. Alikuwa amesikia kwa lile sikio zima.

"Hilo somo ni la mtu mmoja," akasema. "Kanisani kuna watu wengi."

"Na wengine watasikia tu, bibi."

Nilidhani atakataa. "Haya," akasema, "lakini usipige kelele sana pale kwenye kwapa."

Jumapili ikafika na mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake. Rimu ikagongwa, watu wakachelewa kama kawaida. Nilivaa gauni la Krismasi lililotanuliwa mara mbili, nikakaa nikiangalia mlango. Wakaingia wafugaji, wakaingia wake zao wenye watoto mgongoni. Jirani yetu alikaa nje karibu na dirisha. Yeye alikuja kungoja mnada wa sadaka, lakini masikio yalikuwa ndani. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Kila kivuli mlangoni kiliniinua nusu. Mwinjilisti akaniita.

Nilihubiri nikiutazama mlango, nikaiuliza ile nafasi tupu ya benchi la mbele, Hana alijuaje kipimo? Nikasema kuna mama wanaojua watoto wao wamefika wapi na kuna mama ambao hawajui. Sauti ilianza kunitoka vibaya, nikawa nalia huku nahubiri, jambo ambalo watu wazima walilichukulia kuwa ni Roho. Akina mama wakafuta macho kwa kanga. Bibi alikuwa ameinama, anatazama mikono yake. Nje ya dirisha nikamsikia jirani akimnong'oneza mwenzake, "Kumbe na hawa wana kanzu!" Nikasema amina, nikakaa. Mama hakuja.

Ibada ikaisha tukatoka nje kwenye mnada. Kanisa letu lilikuwa la watu wasio na fedha, sadaka nyingi zilikuja zina manyoya au zina udongo: jogoo, mayai, mikungu ya ndizi, mihogo. Mzee wa kanisa alizinyanyua moja moja na kuzinadi pale chini ya rimu, na watu walipandisha bei kwa utani. "Jogoo huyu anawika kwa Kizaramo na Kipare! Nani anaongeza?" Jirani alikuwa anaongeza, maana yeye ndiye alikuwa mteja wetu mkubwa.

Hapo ndipo nilipomwona mama. Alikuwa anapanda kutoka bondeni, tope mpaka magotini, viatu mkono mmoja, mkono mwingine umeshikilia mfuko wa plastiki juu ya kichwa usilowe. Lori lilikwama kwenye matope, akaliacha, akatembea. Hakumwamkia mtu. Alinifikia, akatoa gauni mfukoni, la buluu, lenye mkanda, akanivisha palepale juu ya lile la zamani, mbele ya kanisa, mbele ya jogoo.

Gauni likanienea. Mabega yalikaa, mikono ilikaa, na kwapani palikuwa na nafasi.

"Nimemwuliza kila mtu anayetoka huku," akamwambia bibi, anahema. "Dereva wa mkaa, wauza kuku, wote. Nawaambia nionyesheni kwa mkono, amefika wapi. Kila mmoja na mkono wake! Nikachukua wa katikati." Akasimamisha kiganja hewani kuonyesha, kidole cha kati kikagusa usawa wa kichwa changu kabisa. Halafu akachuchumaa, akanishika mashavu kwa ile mikono ya matope. "Nimechelewa kukusikia, mama'ngu. Haya niambie, umehubiri juu ya nini?"

Mnada ukasimama. Ndugu yangu, mnada wa Vihingo haukuwa kitu cha kusimama. Watu wote walikuwa wamenisikia. Mzee wa kanisa alishika jogoo kwa miguu, mdomo wazi. Mimi nikashika mkanda wa gauni. Lile gauni lilikuwa limenikaa mwilini kama jibu, na jibu lilikuwa limekuja baada ya swali kusikiwa na kila mtu isipokuwa yeye.

"Kahubiri juu ya kuwahi," akasema bibi.

Bibi yangu, aliyekuwa hawezi kudanganya hata juu ya umri wa kuku anayemuuza.

Mama akainamisha kichwa. "Basi limenipata," akasema taratibu.

"Limetupata wote," akadakia mwalimu wa Jumapili. "Mimi mwenyewe!" Na mzee wa kanisa akasema, "Ametuchapa, ametuchapa kwelikweli," akampandisha jogoo juu. Jirani, ambaye hakuwa hata na haja ya kulinda siri za Wakristo, akapaza sauti, "Mpaka sisi wa nje tumechapwa! Naongeza!" Watu wakacheka, mnada ukaendelea. Jioni lori lilinasuliwa, mama akarudi nalo Maili Moja, maana asubuhi wateja wangetaka supu.

Mwaka uliofuata, Jumapili ya vijana, nilitumwa kufagia kanisa kabla watu hawajafika. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Nikamkuta mama amekaa kwenye gogo la mlangoni peke yake, amejifunika kanga mbili. Alikuwa amelala Kisarawe mjini kwa mtu wanayefahamiana, akapata pikipiki alfajiri.

"Leo nimewahi," akasema, uso umejaa furaha.

Nikamwambia mwaka ule sihubiri mimi. Anahubiri mjukuu wa mzee wa kanisa.

Aliutazama mlango uliofungwa, akarekebisha kanga. "Si neno. Basi nihubirie mimi hapahapa. Tuko wawili tu. Lile la mwaka jana."

Nilishika ufagio. Nikasema nimelisahau.

"Lote?"

"Lote."

Akanisogezea nafasi kwenye gogo, tukakaa tukingoja wengine, na kama kawaida wakachelewa.

Baadaye chumba cha maana kilipatikana, ndicho kilichozaa nyumba hii ninayochungulia nje kupitia madirisha yake. Mama alinileta Kibaha nikasoma sekondari, na maisha yake yote hakuchelewa tena popote. Arusini alifika wahudumu wakiwa bado wanasimamisha hema. Kliniki alifika kabla ya manesi. Watu wakimcheka alisema, "Mimi nina mtoto aliyehubiri juu ya kuwahi." Alisema hivyo kwa kujisifu, na mimi niliangalia pembeni. Hata kufa aliwahi.

Bibi hayupo, mzee wa kanisa hayupo, jirani naye alizikwa kwenye shamba lake la mihogo. Mara ya mwisho kufika Vihingo nilikuta kanisa la matofali, vigae chini, spika mbili zinazosikika mpaka bondeni. Mnada bado upo lakini watu wanalipa kwa simu, na jogoo niliyemwona alikuwa ndani ya kasha, ametulia. Hakuna aliyenijua. Walinipa kiti cha mgeni.

Lile somo ninalo lote, hata neno moja halijapotea. Wakati mwingine jioni, nikishafunga milango, nasimama hapa sebuleni kama anavyosimamishwa yule binti wa jirani, najaribu kulisema. Sifiki kwa Samweli. Nasema, Bwana Yesu asifiwe, kisha nanyamaza, maana salamu ile inataka mtu wa kuitikia.