Mabati ya Baba Kasongo

Nakumbuka Jumamosi moja ya Salongo, mwanangu, nimevaa abakosi mpya, ile suti ya wakati ule isiyovaliwa tai, na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ya kuonekana. Salongo, kwa wewe usiyeikuta, ilikuwa kazi ya lazima ya kila wiki: mtaa mzima mnatoka kufagia na kuzibua mifereji. Mimi nilikuwa karani kijana wa usafi katika komini, yaani manispaa, hapa Likasi.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia umepewa kazi ya kuwasaidia wenye biashara ndogo wafuate sheria za taka. Nimefurahi, na nimeogopa kidogo.

Wakati ule ofisi ilikuwa imetoa amri kwa karakana zote ndogo. Taka za kazini zitengwe mafungu matatu: chuma peke yake, karatasi na matambara peke yake, uchafu mwingine peke yake, ili chuma kikusanywe na kuyeyushwa upya. Amri nzuri. Sina ugomvi nayo mpaka leo. Ugomvi wangu ni na kijana aliyeibeba.

Kando ya barabara ya Kamatanda aliishi Baba Kasongo, fundi wa bati. Alichukua mapipa matupu, akayapasua, akayanyoosha kwa nyundo, akatengeneza mabeseni, mbabula, yaani majiko ya makaa, na mabati ya uzio. Uani kwake bati zilikuwa kila mahali: nyingine zimeegemea ukuta wa jikoni, nyingine nyuma ya choo. Nikaona fujo. Nikamsomea amri kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kisha nikatafsiri nusu. Alipofungua kinywa nikamkatiza, nikimwita raia kama serikali ilivyotufundisha: "Citoyen, sheria haijadiliwi." Alikuwa na umri wa baba yangu. Baba yangu mwenyewe, Mluba aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, angenizaba kofi palepale.

Nikawaamuru watu wa Salongo wabebe bati zote wazirundike mbele ya nyumba. Baada ya saa moja tulikuwa na rundo moja safi la chuma kitupu. Nikaandika: *en règle*, yaani yuko sawa kisheria. Nikaenda zangu, kichwa juu.

Jumatatu nilipita pale nikakuta nyundo iko kimya. Wanawake wawili wauzaji wa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, walikuwa wanamgombeza kwa kuwa aliwaahidi mabeseni. Yeye amekaa tu. Nikamuuliza kwa nini hafanyi kazi.

"Ile ya ku jikoni ilikuwa mapipa ya mawese," akasema taratibu. "Ile ya nyuma ya choo ilibeba dawa ya sumu ya ku usine, kule banasafisha shaba. Ile ninatengenezaka uzio tu. Sasa umechanganya byote. Minye nitajua namna gani? Banamama banatia munkoyo mu beseni, batoto banakunywa."

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Ni weye ulisema sheria haijadiliwi, citoyen."

Nilitamani ardhi inimeze. Tuligeuza bati moja moja, tukinusa, tukitafuta mabaki ya rangi. Alikuwa ameshazinyoosha na kuzisugua, zote sawa. Maji yakimwagika hayazoleki. Hapo nikasema neno linaloniuma hadi leo, maana kosa la kwanza lilikuwa ujinga lakini hili lilikuwa uoga: "Baba, sugua tena kwa mchanga, uzitengeneze tu. Nani atajua?"

Akairudisha bati aliyoshika juu ya rundo.

"Minye nitajua," akasema. "Na sasa weye pia."

Hakutengeneza beseni hata moja. Bati zote, nzuri na mbaya, zilikwenda kwenye uzio na mabanda ya nguruwe, nami nikashika misumari Jumapili tatu mfululizo baada ya misa. Kazi yake ya mabeseni ilisimama hadi alipopata mapipa mengine ya mawese, na muda huo wote nyumba yake ilikula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku. Mkewe alinisalimia kila nilipofika, jambo lililoniumiza kuliko kama angenitukana.

Nilirudi ofisini nikaandika amri upya, kwa Kiswahili, na fungu la nne: chuma kilichobeba sumu. Mkubwa wangu akanuna, akauliza nimetoa wapi akili hizo. Nikamwambia, kwa fundi wa bati. Akanuna tena, akatia sahihi. Kisha nikamwomba Baba Kasongo tutembelee pamoja karakana zilizobaki, na kila tulipoingia yeye ndiye aliyeanza: "Weye unatenganishaka namna gani?" Fundi wa kuchaji betri alituonyesha shimo lake la kumwagia asidi. Seremala alitupeleka kwa kuku wanaolalia maranda yake. Wengine walikuwa wanakosea, ndiyo, tukawaambia wazi. Wakasikia, kwa kuwa nasi tuliwasikia.

Basi, mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukiingia karakana ya mtu na sheria mkononi, uliza kwanza, soma baadaye. Ukishakosea usitafute mchanga wa kusugulia kosa lako. Kaa na uliyemuumiza, mlirekebishe pamoja. Sheria ya taka iliwekwa ili mtoto asinywe sumu. Siku ambayo kuifuata kutampa mtoto sumu, simama.

Mungu akupe subira kwa wakaidi na heshima kwa wazee, na mlango wowote utakaoingia kwa kazi hii, wenyewe wafurahi kukuona ukirudi.