Sabuni Ikianza Kuandika

Saa nne asubuhi, Jumamosi, mwanamke mwembamba amesimama uani, kitambaa puani, glavu za mpira hadi viwikoni. Anakoroga sufuria kwa mwiko kana kwamba ana ugomvi nayo. Harufu ya mafuta ya nazi imeshavuka ukuta na kuingia kwa jirani. Mgeni aliyekuja kuandika habari zake akisogea hatua moja, anazuiwa kwa mkono bila mwiko kusimama.

"Kaa huko huko, mwanangu. Kostiki, hii dawa kali ya sabuni, haina utani. Ikikurukia, makala yako utaiandika kwa mkono wa kushoto."

Ni dobi wa hospitali. Kwa miaka ishirini na sita amefua shuka za wagonjwa, karibu mia mbili kwa siku, na wenzake wote wanamwita Mama Povu. Wengine, anasema, hawajui kama ana jina jingine.

Kila mwaka, wiki sita kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, Mama Povu hutengeneza sabuni arobaini na mbili za kuwapa wenzake zawadi. Wiki sita ni za sabuni kukomaa. Ukiigawa mbichi itawachubua watu ngozi. Mshahara wa dobi hauwezi zawadi za dukani. "Keki moja ya dukani, kwa bei ile ile mimi natoa sabuni kumi," anasema. "Na keki huogei."

Anainua mwiko juu ya sufuria. Tone linadondoka, linazama, linapotea.

"Bado haijaandika."

Neno hilo si lake, ni la marehemu mumewe. Mchanganyiko ukiwa tayari, tone halizami tena. Linaacha mstari juu ya uji, mstari unaokaa. Hapo mumewe alikuwa anapiga kelele uani, "Inaandika! Inaandika! Lete maboksi!" Naye Mama Povu alikuwa anakimbia na maboksi ya maziwa yaliyokatwa ubavu, huku akimjibu kwamba afadhali sabuni, inajua kuandika kuliko mkewe.

Maana Mama Povu hakujua kusoma wala kuandika. Hakuona shida. Mumewe alifanya kazi chumba cha pili cha kufulia pale pale hospitalini, akiandika majina ya wodi kwenye pindo za shuka kwa wino usiotoka. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, lakini walimwita Karani, naye akatembea kikarani, kalamu mfukoni hata siku ya mapumziko.

"Aliniambia nijifunze. Mara ngapi! Nikamwambia, tuko wawili, mmoja anajua, inatosha. Nilijiona mjanja kweli."

Kwa hiyo kazi waligawana. Yeye alikoroga, Karani aliandika. Kesho yake sabuni ikishashikana lakini bado laini, waliikata vipande, na Karani akachora kila kipande kwa msumari: MPISHI, MLINZI, DADA WA MAABARA. Watu wazima walikuwa wanagombania kuonyeshana.

Kipande cha mwisho kilikuwa cha mkewe. Mwaka wa kwanza alimuuliza ameandika nini. Karani akasema, "Jina lako." Hakuuliza tena.

Miaka kumi na miwili ikapita hivyo. Kila sikukuu ilipoisha, Karani alikuwa anamuuliza, kama mtu asiye na haraka, "Umeiona sabuni yangu?" Na mkewe alimjibu vile vile kila mwaka.

"Nilikuwa namwambia, nimeiona, ina povu zuri. Anasema, haya. Basi."

Mwanzoni mwa mwaka huu Karani aliugua. Mwezi wa tatu hakuweza tena kutoka kitandani, na mkewe akawa anamwogesha pale pale, beseni chini, taulo begani. Ngozi ilikuwa imekuwa nyepesi, sabuni za dukani zinamuwasha. Mama Povu akakumbuka ile yake ya zawadi, haijaguswa, iko kabatini. Akaitoa.

Karani aliitazama ikipita kifuani mwake. Akacheka kidogo, kwa sauti iliyobaki. "Unanifutia maneno yangu, mke wangu."

"Nikamwambia, nyamaza wewe, jina langu nalijua bila kusoma. Tukacheka wote wawili. Tulicheka, mwanangu! Nikaendelea kusugua."

Mwezi wa tano Karani akafariki. Waliishi pamoja miaka thelathini na mmoja.

Mama Povu anainua mwiko tena. Tone linazama. Anakoroga, na machozi yakimshuka anayafuta kwa bega, kwa sababu glavu zina kostiki.

Miezi miwili baada ya msiba, wenzake walianza kumuuliza kama mwaka huu zitakuwepo. Sabuni angeweza. Maandishi je? Hakutaka watu wapewe vipande vitupu kama vya kwenye ndoo ya kufulia. Akaenda jikoni kwa mpishi wa hospitali, shogaye wa siku nyingi, akamwambia, "Nifundishe, na ukinicheka nakuacha." Mpishi akamwaga unga mezani, akausambaza kwa kiganja, na kila mchana baada ya wagonjwa kula wakawa wanaandika kwa kidole.

"Alicheka," anasema Mama Povu. "Lakini alinifundisha."

Kitu cha kwanza alichojifunza kilikuwa jina lake. MAMA POVU. Ilimchukua siku tisa. Siku ya tisa alirudi nyumbani karibu akimbie, akatoa kile kipande cha Karani kwenye kopo la biskuti alimokihifadhi tangu msiba, akakaa kitandani ili alisome jina lake kwa macho yake, kama mumewe alivyoliandika.

Kipande kimelika ncha zote mbili. Zimebaki herufi tatu katikati. Ya kwanza imejikunja kama nyoka.

"Nikasema, mbona hii sina? Nikaandika tena jina langu kwenye daftari, nikahesabu herufi moja moja. Nyoka hayumo. Na ile ya mwisho haimo. Hata jina la kuzaliwa halina. Mwanangu, lile halikuwa jina langu."

Herufi zilizobaki ni S, A na N.

Mpishi alijitolea kukisia. Alisema bila shaka ni asante, imeliwa pembeni. Kisha akasema au ni sana, na kabla hajafika mbali Mama Povu akamnyamazisha.

"Sana nini? Labda chumvi imezidi sana," anasema, na kicheko kinamkatikia njiani. "Sabuni kumi na moja za kabla yake niliziogea zote, zikaisha. Nimeyaogea maneno ya mtu. Na yeye kila mwaka ananiuliza, umeiona? Labda alidhani natafuta wa kunisomea. Labda alikuwa anangoja nijifunze. Alikuwa anangoja jibu, mimi namwambia habari za povu."

Tone linadondoka. Safari hii halizami. Mstari mwembamba unakaa juu ya uji, haufutiki.

"Inaandika," anasema Mama Povu, taratibu. Hakuna anayekimbia na maboksi. Anayachukua mwenyewe, anamimina, anayafunika kwa blanketi kuukuu.

Kisha anavua glavu, ananawa, anakaa mbele ya ubao wenye vipande alivyomimina jana na kukata leo alfajiri. Anashika msumari wa Karani. MPISHI inamchukua dakika tatu, na S yake inatazama nyuma. MLINZI inatoka bila N.

"Atajua ni yake," anasema. "Mlinzi gani mwingine ananijua?"

Anasema mwakani anataka kuandika zote bila kosa hata moja, na baada ya hapo aingie darasa la watu wazima, asome hata barua. Anayo matumaini hayo. Kuhusu maneno ya Karani hana matumaini, ana kazi tu.

Kipande cha mwisho anakisogeza peke yake. Analitoa kopo, analaza sabuni ya Karani kando, na ananakili polepole huku akiuma mdomo. S hii inatazama inakotakiwa. Halafu A. Halafu N. Zote tatu ameziandika katikati kabisa.

Anaulizwa kama amemaliza, kwa kuwa pande zote mbili zimebaki tupu.

"Nimemaliza," anasema, akipuliza chembe za sabuni. "Hapa mbele na hapa nyuma nimemwachia nafasi. Hii siogei."