Gurudumu Lililogeuzwa Toroli

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinianzie na "pole, bibi". Sitaki pole. Nimeishia darasa la nne, naandika polepole, na nina hasira. Someni mpaka mwisho ndipo mfungue midomo.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda, kama tunavyokaa sisi wanawake wa Bagamoyo: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Huendi sokoni, huendi harusini, huvai la kung'aa. Dunia yangu ilikuwa chumba, ukumbi na ua. Na humo uani ndimo mjukuu wangu alimojifunzia kuendesha baiskeli ya gurudumu moja.

Mjukuu huyu ni binti wa binti yangu, nimemlea mwenyewe. Baiskeli hiyo aliachiwa na mwalimu wa sarakasi aliyekuwa akifundisha vijana uwanjani, siku alipohama. Ni gurudumu, kiti juu yake, na pedali mbili zilizoshikana na gurudumu lenyewe. Haina usukani, haina breki, haina mnyororo. Ukiacha kukanyaga imesimama, na wewe uko chini.

Mara ya kwanza nilimfokea. "Ondoa balaa hilo! Ukivunjika kiuno nani atakuoa?"

"Bibi, tazama kwanza."

Akapanda, akaanguka. Akapanda, akaanguka. Ukuta wa ua tulikuwa tumeupaka chokaa kwa ajili ya wageni wa msiba, naye akaujaza alama za viganja toka mlango wa jikoni mpaka chooni. Pedali zilimchubua miundi mpaka akawa anafunga vitambaa. Mimi nimekaa mkekani na tasbihi yangu, namtazama, maana sikuwa na kingine cha kutazama. Nikaziona zile alama zinaachana. Mwanzo zilibanana, halafu hatua moja, halafu hatua tatu. Siku aliyovuka ua mzima mikono iko hewani, nilijikuta nimesimama. "Macho mbele!" nikampigia kelele. "Ukitazama gurudumu utaanguka!" Mimi, ambaye hata baiskeli ya magurudumu mawili sijawahi kuipanda.

Baadaye akaanza kutoka na wenzake wawili, nao wana baiskeli zao za gurudumu moja. Walikimbiza pwani maji yakitoka, pale mchanga unapokuwa mgumu, halafu wakaingia barabarani. Wakapanga Jumamosi moja waende Kiwangwa kwa barabara ya lami, walale kwa shangazi wa mmoja wao anayelima mananasi, kesho yake warudi.

"Kufika si kazi, bibi," aliniambia. "Kazi ni kile kilima baada ya daraja. Wale wawili walishateremka pale wakasukuma. Mimi nataka nikipande chote bila mguu kugusa chini."

Hilo ndilo alilolitaka. Hakutaka nguo ya sikukuu, hakutaka simu. Alitaka kilima.

Sasa njooni kwa mwanangu mkubwa. Alikuja kutoka Miono na mkewe kwa maziko, akabaki kuiangalia nyumba wakati mimi nimekaa ndani. Si mlevi, si mvivu. Ugonjwa wake ni mmoja tu: watu watasemaje.

Na watu walisema. Barazani penye kahawa, wacheza bao walimpa jina. "Bwana Nusu Baiskeli huyo! Karibu, bwana! Kesho utatujia na nusu suruali?" Naye jirani yangu, aliyekuja kunijulia hali, alimwona mtoto akikatiza ua, akaniambia mbele ya mkwe wangu, "Shoga, na gurudumu la pili mmelipika?"

Jirani huyo bado amekaa, mwanangu akaingia uso umemvimba. "Mama, watu wanasema tumeshindwa kumpa mtoto baiskeli kamili. Na hii nyumba ina msiba. Nikiondoe kile kitu?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini jirani alikuwa ananitazama, nikasema, "Yamalizeni huko nje. Mimi niko edani." Nilijificha nyuma ya eda yangu. Kosa hilo ni langu, simsukumii mtu.

Alhamisi mchana mwanangu akaingia uani akisukuma toroli jipya, jasho linamtoka kwa furaha. "Mama, tazama! Kubeba maji kumekwisha!" Mbao mpya, mishikio ya bomba, madumu mawili juu yake. Na mbele, gurudumu ninalolijua. Fundi wa kuchomelea alikuwa amevikata kwa msumeno vile vyuma vinavyoshika pedali, vyote viwili, mpaka kwenye shina.

Mjukuu wangu alitoka jikoni. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeona? Sasa lina kazi."

Hakulia. Aliinama, akapapasa pale palipokatwa. "Vipande viko wapi?"

"Vipande gani?"

"Vya pedali, mjomba."

"Aa, vile! Vimebaki kwa fundi huko, kwenye vyuma chakavu."

Mkwe wangu akacheka, kisha akaniona usoni, akaingia jikoni.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri wenzake walipita mlangoni. Mimi niko nyuma ya pazia, nasikia kila neno.

"Nikifika juu ya kilima bila kushuka," mmoja alimwambia, "nitasema nimekupandia wewe."

"Usiseme hivyo. Mimi sijaenda."

Nikasikia magurudumu yao yanakwenda juu ya kokoto mpaka yakapotea. Mjukuu wangu akarudi ndani, akachukua madumu, akayapanga kwenye toroli ili aende bombani. Hapo ndipo damu iliponichemka. Eda hainifungi mdomo. Nilimwita mwanangu, nikamwita mkewe, nikawasimamisha ukumbini, nikasema mara moja tu:

"Toroli hilo lisibebe tena dumu hata moja. Lirudi kwa fundi leo hii. Lifunguliwe, vipande vitafutwe kwenye vyuma chakavu, visipoonekana vichongwe vingine, na gurudumu lirudi humu kama lilivyotoka. Mpaka lirudi, binti huyu hateki maji, na wewe mkwe huteki. Atateka mwanangu peke yake, ndoo kichwani na kata ya kitambaa chini yake, na kila safari apite njia ya barazani."