Mbegu ya Maziwa ya Mama

Kaa hapa karibu yangu, msikilizaji, na usizibe pua. Hicho kilichofungwa kwenye karatasi ni jibini. Mjukuu wangu amelileta kutoka mjini, na watoto wote wamekimbilia uani wakisema bibi anakula kitu kilichokufa. Mimi nalila, na ni tamu. Lakini kila nikilinusa hasira inanipanda upya, na sasa nitakueleza kwa nini.

Tulikaa upande wa Hombolo, enzi za Mdachi, nami nilikuwa msichana wa kuchunga ndama. Ili unielewe, lazima kwanza uelewe kibuyu. Mama hakuyaacha maziwa yagande ovyo. Alikiosha kibuyu kwa maji ya moto, akakifukiza kwa kijinga cha moto, kisha akamimina maziwa mapya juu ya mabaki ya jana. Mabaki hayo hayakumalizwa kamwe. Tuliyaita mbegu. Mama alipewa na bibi siku alipoolewa, na bibi alipewa na mama yake, hata hakuna aliyejua ilianzia wapi. Harufu yake ilikuwa ya moshi na uchachu mkali. Kizibo kikifunguliwa ndani ya tembe, nyumba yetu ya paa la udongo, mtu aliyeketi nje alimeza mate.

Siku moja Bwana Shauri wa Kijerumani, yule mkuu wa wilaya, alipiga kambi karibu na kisima chetu, na jumbe akatuamuru tupeleke maziwa. Mama alichagua kibuyu chake bora, nami nikamfuata nyuma. Yule bwana alifungua kizibo, akanusa, akakunja uso kama aliyepigwa. Alisema maneno mengi kwa lugha yake. Askari akatufasiria kwa ufupi.

“Anasema mnataka kumlisha uchafu. Nyumba inayonuka hivi inaleta maradhi. Vibuyu vyote vivunjwe.”

Mama alijibu taratibu, “Mwambie asinywe. Nitamletea yaliyokamuliwa sasa hivi.”

Hakuna aliyemfasiria. Askari wawili waliingia kwetu, wakavitoa vibuyu vyote vitano, wakavipasua kwa vitako vya bunduki. Maziwa yalikwenda na vumbi. Mama alipiga magoti akaokota kigae kimoja ambacho kilibaki na kijiko kimoja hivi cha mgando, akakishika kwa mikono miwili. Askari alikikanyaga kikiwa bado mikononi mwake. Baba alisimama pale na hakusema neno, kwa sababu aliona kiboko kimening’inia kwenye mkanda wa askari. Nilimchukia baba siku ile. Nisamehe, nilikuwa mtoto.

Jioni nilikwenda kuchungulia kambi. Sikujua nilitaka nini. Labda kurusha jiwe. Nyuma ya hema nilimkuta mpishi, mtu mzima kutoka Bagamoyo, akikata kitu juu ya ubao. Harufu yake ilinirudisha nyuma hatua mbili. Beberu aliyelowa mvua ananuka vizuri zaidi.

“Shikamoo,” nilisema kwa Kiswahili changu cha kuokoteza kwenye misafara. “Hicho kimeoza.”

“Marahaba, binti. Kimeoza, ndiyo, lakini kwa ruhusa ya serikali.” Alikuwa amejifunga kitambaa puani. “Bwana anakipenda kuliko mkewe.”

“Ni nini?”

“Maziwa.”

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba huko kwa Wadachi maziwa hugandishwa, yakakamuliwa maji, yakatiwa chumvi, yakawekwa mpaka yaote ukungu, na bwana huletewa kutoka pwani ndani ya kopo la bati. Kisha akanipa ganda alilolikata pembeni. “Onja. Ukifa, sikukupa mimi.”

Ulimi ulikutana kwanza na beberu. Halafu ikaja chumvi, halafu mafuta, na chini kabisa nikaukuta utamu ule ule wa kukwangua kibuyu. Nilitaka jingine. Nilisimama pale natafuna huku machozi yananitoka kwa hasira, maana ndani ya hema nilimwona yule bwana akitafuna kitu kile kile, amefumba macho kwa raha.

Nikaomba kipande cha pili, nikakificha ndani ya nguo. Akili yangu iliniambia hivi: hiki ni maziwa yaliyoganda, basi nacho ni mbegu. Mama alikuwa amekinga maziwa kwenye chungu, bila cha kuyagandishia. Nikakitumbukiza humo.

Siku ya tatu Mama alifunua chungu, akageuza uso.

“Nani ameniingizia beberu humu?”

Nikamwambia. Nilitegemea kofi. Badala yake alikibeba chungu mpaka nje akamwaga mwenyewe, polepole, hadi tone la mwisho.

“Wale walinimwagia cha bibi yako,” alisema. “Wewe umenitilia cha kwao.”

Kofi lingekuwa jepesi.

Alfajiri iliyofuata tulishika njia ya Mlali, mwendo wa siku mbili, kwa mama mdogo aliyeolewa huko. Siku ya harusi ya mama mdogo, Mama alikuwa amempa nusu ya mbegu, na jamaa zetu walimcheka kwamba anagawa mali ya ukoo kwa wageni. Mama mdogo alisikiliza habari yote, kisha akasema, “Dada, hata kuvunjiwa vyombo ni lazima uje kwangu kujisifu?” Wakacheka hadi wakalia. Ndipo akamjazia kibuyu. Tuliporudi, kila tembe tuliyopita ilituongezea maziwa kidogo ya kuilisha mbegu ile njiani, na hakuna aliyeuliza sisi ni nani.

Yule bwana sijamsamehe, na sitegemei kumsamehe. Alikuwa na pua ya kuelewa, maana aliupenda uchachu kama sisi, ila hakutaka chetu kiitwe chakula. Lakini wakati ule nilidhani Mama ameokolewa na bahati. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba ameokolewa na alichokigawa. Kile alichobaki nacho peke yake, watu wawili walikimaliza kwa vitako vya bunduki kabla jua halijapanda.

Kwa hiyo, ukiwa na mgando unaoupenda, jaza kikombe kimoja leo, mpelekee jirani, na umwambie asiumalize kabla ya kuongeza maziwa mapya.