Watoto wa Tumbo

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwona mwanamke wa Kizungu akifunua chungu cha mwenyewe. Hakubisha hodi wala kuomba. Aliinama jikoni kwa mke wa fundi wa reli, akainua kifuniko kwa vidole viwili, akanusa majani ya mhogo, kisha akanigeukia mimi mfasiri wake: "Mwambie sombe imepikwa kupita kiasi." Nilishtuka mpaka Kifaransa kikanipotea. Kwetu, chungu cha mwanamke kikiwa motoni, hata mama mkwe hukohoa kwanza mlangoni. Nikamwambia yule mke wa watu, "Madamu anasema jiko lako linanukia vizuri." Hiyo ndiyo tafsiri yangu ya kwanza, na sijaijutia.

Hapo ni Kibombo, enzi za Wabelgiji. Nilikuwa nimeajiriwa na fuaye, yaani nyumba ambamo wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupiga pasi, kuogesha mtoto na kupika kwa namna ambayo Wazungu waliona ndiyo namna. Sisi wasaidizi tuliitwa monitrisi. Asubuhi tulifundisha, alasiri tulikwenda vizite, ziara za nyumba kwa nyumba, kutazama choo, kitanda, uwanja, na hicho chungu. Ninyi vijana mnaokasirika mtu akiingia kwenu bila hodi, jueni sisi tulilipwa kufanya hivyo.

Mimi kwa asili ni mtu wa kushtuka upesi. Mume wangu alizoea kusema moyo wangu unakaa mlangoni. Fikirini basi kazi ile ilivyonitesa, na bado niliipenda. Madamu wa Kibombo, pamoja na adabu zake hizo, alijua kupiga pasi. Kola aliyoipaka uji wa mhogo na kuipitishia pasi ya makaa ilisimama yenyewe mezani. Alinifundisha akisema, "Pasi haingoji mtu anayefikiri." Mpaka leo sipendi kuona kola iliyolala.

Mume wangu Kalume aliendesha garimoshi. Watu waliniita Mama Faida, naye Baba Faida, na jina hilo lina habari yake. Faida alikuwa mtoto wa dada yangu. Dada alifariki siku ile ile ya kumzaa, na baba wa mtoto alikuwa amekwenda kuchimba madini upande wa Pangi, hakurudi wala hakuleta habari. Mimi nilikuwa bibi arusi mpya. Kalume alimpokea mtoto kutoka mikononi mwa wazee, akamtazama, akaniambia, "Basi, tumeanza." Baadaye nikamzaa Musafiri, kisha Riziki. Faida hakuambiwa kitu. Aambiwe kwa nini? Kwetu mtoto ni mtoto, na anayeuliza zaidi ya hapo ana lake jambo.

Faida alipokuwa anang'oka meno ya mbele, Kalume akapandishwa cheo na kuhamishiwa Kindu, mahali reli inapokutana na meli za mtoni. Angekuwa anaendesha treni za safari ndefu, jambo aliloliota tangu alipokuwa anatupa kuni kwenye moto wa injini. Fuaye ya Kindu nayo ikakubali kunipokea. Kilichobaki kilikuwa nyumba, na nyumba mimi nilijiona naijua. Si ndiyo ilikuwa kazi yangu? Nilikuwa nimeingia nyumba nyingi za watu kuliko mjumbe wa posa.

Tulianza na Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa shangazi yake Kalume. Palikuwa na bustani, kuku, hewa nzuri, na shangazi aliyetupa chumba kabla hatujaketi. Watoto hawakutaka kuondoka. Lakini garimoshi halimsubiri mtu aliyekwama ng'ambo akimbembeleza mpiga kasia. Kalume alitikisa kichwa, shangazi akaninunia mimi.

Kisha tukaenda kwenye kambi ya reli. Sitaficha: niliitamani. Matofali, sakafu ya simenti, nyumba zimepangwa kwa mstari kama mshono wa cherehani, na nje ya kila safu robine, bomba la maji linalofunguliwa kwa mkono. Sikuwa nimewahi kukaa mahali maji yanapokuja yenyewe. Kalume aliifungua ile robine, akaifunga, akaifungua tena. Riziki akaingiza kichwa chote chini. Tulicheka sana.

Ndipo akaja Shefu wa Kambi. Alikuwa Mbelgiji mrefu, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota kazini. Kilikuwa Kiswahili cha kuamuru tu.

"Watoto ngapi?"

"Watatu, Bwana," nikasema.

"Wote ya tumbo yako?"

Masikio yangu yalilia. Mwanamume asiye mume wangu, asiye hata mganga, anataja tumbo langu mchana kweupe mbele ya wanangu! Chungu cha Kibombo kilikuwa mchezo. Mume wangu akajibu yeye, na mume wangu hakujua kudanganya, maana kwenye reli mtu akidanganya juu ya ishara watu wanakufa.

"Wawili, Bwana. Huyu mukubwa ni wa marehemu dada ya bibi yangu."

"Basi huyu njo mugeni. Kambi iko ya mufanyakazi, bibi yake, na watoto wa tumbo. Mugeni anapata ruhusa ya siku kidogo, kisha anarudi kwao."

"Kwao wapi, Bwana?" nikauliza.

"Kwao," akasema, akanyoosha mkono upande wa mto, kana kwamba kule kuna mlango. "Sheria njo ile."

Hakuwa na hasira. Hilo lilinitisha kuliko ukali. Alisema tu, kama mtu anayekuambia duka limefungwa, akatupa mpaka kesho tumjibu, akaenda zake.

Tukatoka kambini. Kalume alisukuma baiskeli, Riziki amekaa juu yake, na kila hatua chache Kalume mwenyewe aligeuka nyuma kuitazama ile robine. Nilijua anachokifikiri, na nilimwogopa. Nilimwona mume wangu mwema anaanza kupiga hesabu ya wapi mtoto anaweza kuwekwa kwa muda: kwa shangazi Alunguli, labda, mpaka mambo yatengenee. Nami, Mungu anisamehe, niliona simenti ile machoni pangu.

Faida alinivuta kikwembe, kitenge nilichojifunga.

"Mama, Tumbo iko fasi gani?"

"Unasema nini?"

"Ule Bwana alisema Musafiri na Riziki wako watoto wa Tumbo. Kuko watoto wa Alunguli, kuko watoto wa kambi. Tumbo iko upande gani? Twende tukae kule sisi wote."

Nilisimama katikati ya njia. Alikuwa amefikiri ni mtaa! Nilitaka kucheka, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Kalume alisimama pia. Alimtazama mtoto, akaegemeza baiskeli kwenye nyonga, akaonyesha mbele kwa kidevu.

"Tumbo iko Mikelenge, mama," akamwambia binti yetu, akitaja mtaa ulio nje ya kambi. "Njo tunaenda kule."

Na tukaenda. Nyumba tuliyopata Mikelenge ilikuwa ya udongo, paa la majani, maji ya kuteka bondeni. Monitrisi wa fuaye angeipa alama mbaya kabisa. Sijamaliza kushusha mikeka nikasikia mtu anakohoa mlangoni mwa jiko. Alikuwa mjane jirani, Mama Sakina, ameshika kigae chenye makaa ya moto. "Karibuni," akasema. "Nimeona hamujawasha." Alikohoa kwanza! Nililia mbele yake, naye akadhani ni moshi.

Kalume aliulipia uamuzi huo. Shefu wa Depo, bwana wa injini zote, alimwita akamwuliza, "Kalume, unaacha simenti unaenda kukaa kwenye udongo?"

"Ndiyo, Bwana."

"Mwenye kukaa nje ya kambi siwezi kumuita mbio. Utafanya manevre."

Manevre ni kusukuma na kupanga mabehewa humo humo stesheni, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka jioni. Mtu aliyekuwa apige filimbi ya safari ndefu hakuvuka tena hata mwisho wa mji. Alifanya hivyo mpaka Uhuru ukamkuta. Hakunilaumu, hakumlaumu mtoto. Ila treni ya mbali ikipiga filimbi ya kuondoka wakati tunakula, aliweka tonge chini akangoja ipite, ndipo akaendelea.

Mimi nami nilikuwa na Madamu wangu wa Kindu, aliyejivunia kwamba Kiswahili anakijua, hahitaji mfasiri. Aliposikia monitrisi wake amekataa kambi alikuja vizite kwangu, na moja kwa moja, mnajua, kwenye chungu. Alikuta ugali wa watu wengi, na kuuzunguka watoto wangu, wa Mama Sakina, na wa jirani wa nyuma, kwa sababu mtaa ule mtoto alikula pale njaa ilipomkuta.

"Hawa wote wa nani?" akauliza.

Faida akamjibu kabla yangu, amesimama wima: "Wote wa Tumbo, Madamu."

Madamu akahesabu kwa macho. Akatazama tumbo langu. Akatazama watoto watatu wenye kimo kimoja. "Wote?"

"Wote!" wakaitikia kwa pamoja, kwa maana jina la mtaa wa Faida lilikuwa limeshaenea, na nyumba yetu iliitwa hivyo na wakubwa na wadogo.

Yule mama alitafuta kigoda akaketi. Kwa mara ya kwanza nilimwona Mzungu ameshtuka kuliko mimi. Sikumsahihisha; Kiswahili si alikijua? Wiki ile ile akaniletea layeti, furushi la nguo za mtoto mchanga, endapo angetokea mwingine.

Nilifanya kazi mpaka baada ya Uhuru, chini ya Mama Mkurugenzi ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu wa pasi, na siku moja nikamkabidhi funguo nikaenda kupumzika. Bibi arusi wa leo wanaofuata waume zao kwenye kazi, na waume wanaofuata wake zao, maana siku hizi hayo nayo yapo, huja kuniuliza mtaa upi unafaa familia. Wanauliza maji, shule, umeme. Nawajibu hayo yote ni mema, sidharau robine hata kidogo. Kisha nawaambia waulize kwanza pale wanapokwenda mtoto ni nani.

Faida alipoposwa, niliona haifai aingie kwa watu bila kuujua ukweli. Nilikuwa nampigia pasi kikwembe cha harusi, naye amenishikia upindo. Nikamweleza yote: dada yangu, siku ile, Pangi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuachia kitambaa.

"Mama," akasema, "nilijua tangu kule kambini."

"Ulijua nini? Si uliuliza Tumbo iko fasi gani?"

"Tumbo nilijua njo nini. Si nilikuona na mimba ya Riziki? Lakini Baba alikuwa anaangalia ile robine. Nikasema, nikiwauliza kama mutaniacha, mutasema hapana, na mutaniacha. Basi nikauliza njia. Muntu akiuliza njia, wanamupeleka."

Mtoto asiye na meno ya mbele! Nilisimama na pasi mkononi nikimtazama, sioni kitu, mpaka harufu ikanizindua. Kikwembe kilikuwa kimeungua, alama ya pasi nzima, nyeusi. Nilitaka kununua kingine, akakataa. Aliolewa nacho hicho hicho, alama imekunjwa upande wa ndani, juu ya tumbo.