Mpimaji wa Vumbi, Dutwa

Kila lori la mnunuzi binafsi wa pamba linapopita Dutwa, mpimaji wa vumbi hufuta miwani kwa ncha ya shati na kuguna. Setilaiti huona mwanga wa ardhi na wa vumbi la hewani kwa pamoja. Mpimaji asipojua ardhi inaakisi mwanga kiasi gani, hawezi kuvitenganisha. Leo, setilaiti ikikaribia kupita, amekuta Mama Masalu, mwenye kaya anakopimia, amekifagia kiwanja cha kupimia na kukinyunyizia maji. Udongo umekuwa mweusi, hauakisi tena kama mkavu.

"Jamani, mama! Nani kakutuma?"

"Mgeni afanye kazi kwenye vumbi, baba? Tutachekwa."

"Setilaiti inapita sasa hivi!"

"Iambie isubiri, pakauke."

Akafungasha kifaa kwa hasira, akaondoka akipita pembeni, asikanyage alama za ufagio.