Sauti ya Poliksena Kwenye Seva

Shemeji yangu Argiris si mtu mbaya, ila tangu tumzike Poliksena, mkewe na dada yangu, alikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, lakini ukiufinya haujui. Hata siku ya arubaini, tulipogawa ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu mlangoni mwa kanisa, alishukuru watu kama anayepokea risiti dukani. Nilimchukia siku ile.

Wote wawili walifundisha kompyuta katika shule ya kijimji chetu, milimani juu ya Ioannina, Ugiriki. Mimi nauza pai za jibini kwenye kantini. Kompyuta za darasa lile hazina diski. Zikiwashwa, zinafuata waya hadi kwenye seva moja kabatini na kuchukua mfumo uleule. Chungu kimoja, walaji wengi. Mwanafunzi akivuruga kitu, azime, awashe, kimerudi kama kilivyokuwa. Poliksena aliweka sauti yake humohumo, na kila asubuhi mashine zilisalimia, "Kalimera, wanangu. Mikono safi?" Hatukuwa na sauti yake nyingine popote. Dada yangu alichukia hata kupigwa picha, sembuse kurekodiwa.

Mwaka huu diski ya seva ikaanza kukwaruza. Mkuu wa shule, bi Dimaki, akataka tuachane na seva yetu, kompyuta zichukue mfumo kutoka seva ya mkoa, kule Ioannina. Niliposikia, niliacha pai zikiungua nikamwendea Argiris.

"Shemeji, tukihamia huko, sauti inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Wao wana mfumo wao."

"Yaani inakufa mara ya pili."

"Nimeshakataa. Nimeomba diski mpya, mfumo ubaki hapahapa."

Aliyasema hayo huku anamenya chungwa. Nilitaka kumbusu na kumzaba kofi kwa pamoja.

Basi diski mpya ikaja, akahamishia mfumo humo. Ile diski mbovu ikafutwa, ikapelekwa kwenye taka za umeme. Sauti ikawa inatoka vizuri kama zamani, nami kila asubuhi nikawa nampelekea kahawa darasani, kisingizio tu cha kuisikia.

Jumatatu moja nikaingia na kahawa yangu, nikakuta kimya. Kompyuta zote zimewaka. Argiris ameketi mbele ya moja, mikono mapajani.

"Mbona hazisemi?"

"Nimeifuta."

"Umefuta nini wewe?"

"Sauti. Ijumaa, kwenye hii moja tu. Nikazima. Nilijua leo itarudi."

Kumbe wakati wa kuhamisha aliufungua mfumo ili aweze kurekebisha mambo, kisha akasahau kuufunga tena. Ukiwa umefungwa, unachofanya mezani kinapotea ukizima. Ukiwa wazi, mkono wako umo ndani ya chungu chenyewe, na unachofuta kinafutika kwa zote. Alikuwa akiifukua diski tangu alfajiri, na hakupata kitu.

"Mpumbavu we!" nilipiga kelele. "Kila siku unawaambia watoto wafikiri kabla ya kubonyeza, kumbe wewe kichwa umekiacha makaburini! Dada yangu alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki duniani, kimoja, nawe ukakichezea!"

Nilimtukana, nikamtukania na ukoo, mpaka bi Dimaki akafunga dirisha la ofisi yake. Argiris hakuinamisha hata kichwa. Nikachoka. Nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, kahawa imenimwagikia mkononi na sikuwa nimehisi.

"Sasa uliifutia nini, Argiris? Niambie tu."

"Nilitaka kuona mkono wangu ukiifuta. Nilijua itarudi, basi nikasema acha nijaribu, nione kama nitaumia."

"Na uliumia?"

Akafikiri sana, kama mtu anayetaka asikosee jibu.

"Ijumaa, hapana," akasema. "Na leo bado nasubiri, shemeji."